Nilimficha Binti Yangu Ugonjwa wa Bibi Yake

Mama yangu mzazi alifariki mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 42. Mimi nilikuwa darasa la sita huko kwetu Upare. Ugonjwa wake ulianza kama kivimbe kidogo katika titi la kushoto. Kwa kuwa hakikumuuma, alinyamaza. Kilipokuwa kikubwa, ndugu walisema ni jipu, na wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Alipakwa dawa za majani kwa miezi mingi. Alipofikishwa hospitali, titi lilikuwa limekwisha kuwa kidonda na ugonjwa umeingia mapafuni.

Baada ya mazishi, hakuna aliyetamka neno saratani nyumbani kwetu. Tulipoulizwa tulijibu kwamba mama alikufa kwa kifua. Mwaka 1995 mama mdogo naye alifuata, akiwa na miaka 49. Tumbo lake lilijaa maji, na madaktari wakasema ni saratani ya ovari, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi. Sisi tukasema ni vidonda vya tumbo.

Akina mama wenzangu, msidhani kunyamaza huko kuliniondolea hofu. La hasha. Kuna majuma nilijipapasa matiti kila nilipooga, na kuna majuma niliogopa hata kujigusa. Mwaka 2016, nilipotimiza miaka 42, niliona ni hasara kununua kitenge kipya ambacho huenda angekuja kukivaa mwingine. Mume wangu aliponiuliza mbona nimepooza, nilimwambia ni uchovu wa kazi. Hata katika sala niliomba "afya njema" tu, bila kumtajia Mungu kile nilichokuwa nakiogopa.

Mwaka 2019 binti wa mjomba wangu, akiwa na miaka 36, aliona kivimbe titini. Yeye hakungoja. Alikwenda hospitali, akafanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa dawa na mionzi. Namshukuru Mungu, mpaka leo yuko hai na analea watoto wake. Lakini habari ile ilitushtua wote. Katika ukoo tulikuwa tumejifariji kwamba ule ni "ugonjwa wa akina mama", unaoshuka kwa wanawake tu. Mjomba ni mwanamume, mzee mwenye nguvu zake. Ulipitaje kwake?

Sikutafuta jibu. Mwaka 2021 washenga walikuja kumposa binti yangu, aliyekuwa na miaka 24. Mnajua desturi zetu: kabla ya mahari kupokelewa, kila upande huuliza habari za upande wa pili. Je, kuna kifafa? Kuna wazimu? Wazee walikufa kwa nini? Wifi yangu alinivuta jikoni akaniambia, "Wifi, yale ya kwenu usiyataje. Wataondoka." Nami nikatii.

Majuma mawili baadaye binti yangu alikuja akakaa karibu nami nikichambua mchele. Akasema, "Mama, shangazi yake mchumba wangu ameniuliza bibi alikufa kwa ugonjwa gani. Nimemwambia kifua. Ndivyo, sivyo?" Nikamjibu, "Ndivyo, mwanangu." Sikuinua macho kutoka kwenye ungo.

Usiku ule sikulala. Kuwaficha wageni ni jambo moja, lakini nilikuwa nimemdanganya mwanangu juu ya mwili wake mwenyewe. Kama angeona kivimbe kesho, angefanya alivyofanya bibi yake: angenyamaza, kwa kuwa hakimuumi.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mchungaji. Hakunihubiria. Alinifungulia Injili ya Luka sura ya 8 akaniomba nisome habari za yule mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Kisha akaniuliza, "Yule mama alikuwa amekwisha kupona alipogusa vazi. Kwa nini Yesu alisimamisha msafara mzima kumtafuta?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Hakutaka arudi nyumbani akiwa bado amejificha." Ndipo nilipolia. Nikamwuliza kama kweli ukoo wetu una laana, kama wengine wanavyosema. Akanikumbusha Ezekieli sura ya 18, pale Mungu anapoikataa ile mithali ya baba kula zabibu chungu na watoto kupata ganzi la meno. "Ugonjwa si hukumu," akaniambia. "Nenda kwa daktari, useme yote."

Nilianza na mume wangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Miaka 25 umelala na mzigo huu pembeni yangu, nami sijui?" Juma lililofuata alinisindikiza mwenyewe hospitali.

Daktari alichukua karatasi akachora ukoo wetu kama mti, pamoja na umri wa kila mmoja alipougua. Alitueleza kwamba kila mtoto hupokea chembe za urithi, yaani jeni, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Zipo jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, ambazo kazi yake ni kusaidia kurekebisha hitilafu ndani ya seli za mwili. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mahali ilipo ile ya kwanza, na miaka michache baadaye zote mbili zilikuwa zimetambuliwa. Jeni hiyo ikirithiwa ikiwa na kasoro, hatari ya saratani ya matiti na ya ovari hupanda sana.

Mambo matatu aliyosema yalinifungua macho.

La kwanza, mwanamume huweza kuirithi na kuipitisha kwa watoto wake, hata kama yeye haugui. Hivyo fumbo la mjomba likafumbuka. Mama anayejaza habari za ukoo wake asisahau upande wa baba.

La pili, si kila mtoto huirithi. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, mvulana kwa msichana. Na hata aliyeirithi si lazima augue.

La tatu, saratani nyingi hazirithiwi hivyo. Katika kila wanawake 100 wenye saratani ya matiti, ni kama 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa wao hutokana na jeni za kurithi za namna hii. Asiye na ndugu mgonjwa asijione salama. Na saratani ya mlango wa kizazi, inayowasumbua sana wanawake wa Tanzania, huletwa na kirusi na wala si urithi wa ukoo. Hiyo ina kipimo chake, na tangu mwaka 2018 wasichana wetu wanapewa chanjo yake.

Niliuliza juu ya kupimwa jeni. Daktari akasema ni vizuri kuanza na yule aliyeugua, ndipo majibu ya wengine yaeleweke vyema. Gharama ni kubwa, nasi bado tunajikusanya na binti wa mjomba. Lakini kwa ukoo kama wetu, akasema, hatuna haja ya kungoja kipimo hicho ndipo tuanze kujilinda. Kwa kawaida huangaliwa umri wa ndugu aliyeugua akiwa mdogo kuliko wote, na uchunguzi huanza kama miaka 10 kabla ya umri huo. Kwa binti yangu ilikuwa aanze akiwa na miaka 26.

Jioni ile nilimwita chumbani. Nilimwambia ukweli wote, tangu kile kivimbe cha mwaka 1986. Nilitegemea aogope. Badala yake alikasirika. "Mama, ungenificha mpaka lini?" Kwa siku tatu alinisalimu tu na kupita. Niliona nimestahili. Siku ya nne alikuja na daftari akasema, "Haya, nitajie wote, tangu bibi mzaa bibi."

Alimwambia mchumba wake mwenyewe. Ndugu za kijana walikaa vikao, na harusi ikasogezwa mbele miezi minne. Wifi yangu aliniambia, "Si nilikuonya?" Hiyo ilikuwa miezi migumu. Mwishowe mama wa kijana alikuja kwangu peke yake. Tulikunywa chai, kisha akasema kwamba katika ukoo wao kisukari kimewaondoa watu wanne, nao hawakututajia. "Basi tumelingana, mama mwenzangu," akasema. Watoto walifunga ndoa kanisani.

Leo binti yangu ana mtoto mmoja, na ananyonyesha kwa bidii akijua kwamba kunyonyesha pia hupunguza hatari ya saratani ya matiti. Tangu mwaka 2023 huenda kuchunguzwa kila mwaka, nami huenda naye siku hiyo hiyo. Tukitoka tunanunua matunda. Siwezi kusema hofu imekwisha. Usiku kabla ya kwenda bado tumbo huniuma. Lakini sasa naisema hofu hiyo kwa sauti, kwa Mungu na kwa mume wangu, nayo hainitawali kama zamani.

Dada msomaji, kama kwenu yupo aliyeondoka kwa saratani, keti na wazee wangali hai. Andika nani aliugua, saratani ya wapi, na akiwa na umri gani, kwa baba na kwa mama. Mpelekee daktari karatasi hiyo. Ujue matiti yako yalivyo, ili badiliko likitokea ulione: kivimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu. Usingoje maumivu, maana mara nyingi mwanzoni hayapo. Kisha waambie wanao, wa kike na wa kiume.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika ukoo wetu kilio kilitufichua mara mbili. Sijui kama nimerithi ile jeni, wala kama nimempa binti yangu. Lakini lile daftari lake liko kabatini mwake, majina yote yamo, na mjukuu wangu hataambiwa kwamba mama yangu alikufa kwa kifua.