Tosha Hiyo Foto

Katika somo la leksikografia tulionyeshwa picha za milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: nakshi, misumari ya shaba, kizingiti, miimo, komeo. Kila kipande kina jina, na jina limo kamusini. Mimi nimekulia Goma katika nyumba ya mbao, na mlango wetu hakuna mgeni aliyewahi kuupiga picha. Nikataka kujua Kiswahili cha kwetu kinaviitaje vipande vyake.

Likizo ya mwaka 2021 nilimfuata mjomba wangu aliyekuwa akinunua maharagwe Masisi. Tulipita Sake, tukapanda vilima vya malisho kunakotoka jibini inayouzwa Goma. Kutoka hapo niliendelea kwa pikipiki na matope hadi Walikale, msituni kwa Wanyanga, ambao utendi wao wa Mwindo ulichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Niliandika na kupiga picha. Kufuli ni kadena, mabati ni manjanja. Mingi ya milango haikuwa na bawaba za chuma; vipande vya tairi vilipigiliwa misumari kwenye mwimo, na mlango ukafunguka bila kelele. Fundi mmoja wa Walikale alisema hizo ndizo bora, kwa kuwa mpira haushiki kutu. (Sijapata jina lake hadi leo. Yeye aliziita "mipira" tu.)

Kanuni yangu ilikuwa moja: watu wasiwemo pichani. Nilidhani hiyo ndiyo adabu yote.

Nikirudi, Masisi-centre, niliona mlango uliopakwa rangi, jambo la nadra mtaa ule, ukiwa na kadena kubwa kwa nje. Nilikuwa nimeshaupiga mama mmoja alipotokea na jembe begani.

"Mutoto, unapiga foto ya mulango wangu juu ya nini?"

Nikamweleza habari za maneno na kamusi. Alisikiliza vizuri, hata akanitajia majina matatu ambayo sikuwa nayo. Kisha akasema, "Sasa tosha hiyo foto."

Nikashukuru nikitaka kuondoka. Katika Kiswahili sanifu kutosha ni kufikia kiasi, nami kichwa changu siku zile kilijaa sanifu; nilidhani anasema inatosha. Akanishika mkono. Kwetu kutosha ni kuondoa, na hilo nililijua tangu utotoni.

"Saa tunaenda shamba, kadena inakuwa inje. Mutu akiona hiyo foto, atajua hatuko."

Niliifuta mbele yake. Usiku nikapitia nyingine kwenye simu na kuhesabu kadena za nje. Zilikuwa kumi na tisa. Nilikuwa nimebeba orodha ya nyumba zisizo na watu, pamoja na saa na mahali simu ilipoziandika yenyewe. Nikazifuta zote, nikabaki na daftari.

Januari 2025 M23 waliingia Masisi-centre, na kabla ya mwezi kuisha wakaingia Goma. Machi walifika Walikale, kisha wakaondoka. Mwezi wa Mei nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa yule mama; mjomba alimpa namba yangu. Walikuwa wamekimbia, na aliyewaona majirani zake alimwambia kwamba mlango haupo tena, wala manjanja.

"Ile foto, uliitosha kweli?"

Nilimwambia ndiyo, kama alivyoagiza. Akanyamaza kidogo. Akasema mtoto wake mdogo anabishana na dada yake kuhusu mlango wa kwao, na yeye alitaka kuwaonyesha. Nikafungua daftari, nikamsomea: mbao tano, kadena moja, mipira miwili, rangi ya majani.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa bulu."

Nimeandika kijani, kwa mkono wangu, siku ileile. Nyuma yake nilimsikia mtoto akipiga kelele kwamba yeye ndiye aliyesema kweli, lakini sikusikia alisema rangi gani.