Njoo Naye Harusini

Tanga, 14 Agosti

Mwanangu Zuhura,

Mama yako ameniambia umeamua kutokuja kwenye harusi ya mdogo wako kwa ajili ya mzio wa karanga alio nao mwanao Salim. Hofu yako naielewa. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, na mtoto aliyevimba koo kwa kula karanga nimemwona kwa macho yangu. Hata hivyo nakuomba uje, naye aje.

Kashata ya karanga hainitishi sana. Inaonekana, na mtoto wa miaka minne anafundishika kuikataa. Hatari iko kwenye kisamvu kilichoungwa kwa karanga, kwenye mwiko uliotoka humo ukaingia sufuria ya wali, na kwenye aibu yetu ya kumkatalia mwenyeji. Atatokea bibi mmoja amvute Salim mapajani, amtie kipande kinywani, aseme kidogo hakidhuru. Kwa Salim kinadhuru. Kwa hiyo usingoje sahani ifike ndipo uanze kujieleza. Sema mapema, sema mbele za watu, na atakayenuna anune. Wapishi nitaongea nao mimi, lakini chakula chake kipike wewe, ukitie kwenye hotipoti, naye alie kijiko chake. Watoto waliokula karanga wanawe kwa maji na sabuni kabla ya kucheza naye. Dawa ya kupaka ya kutakasa mikono haiondoi mabaki ya karanga.

Zile kalamu mbili za adrenalini ulizoletewa kutoka nje, zipakate mwenyewe ndani ya basi. Kwenye buti joto litaziharibu, na barafu nayo haizifai. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Mfundishe mumeo kuzitumia, na dada wa kazi pia, maana wewe utaitwa kwa bi harusi wakati wowote.

Akishakula kitu, akaanza kukohoa na sauti ikakauka, au akavimba midomo na kutapika, au akalegea, mchome papo hapo upande wa nje wa paja, hata juu ya suruali. Usianze na Piriton, nakusihi. Ile hutuliza muwasho, koo haifungui, na wengi hupoteza dakika zao hapo. Mlaze, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida mwache akae, ila asisimamishwe wala asitembezwe. Dakika 5 zikipita bila nafuu, mchome ya pili. Kisha hospitali, hata kama ameanza kucheka, kwa sababu dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Gari letu litabaki mlangoni. Nimeshasema lisitumwe popote wakati wa karamu.

Nijibu kabla ya Ijumaa, mwanangu, nikaonane na wapishi.

Shangazi yako