Chupa Chini ya Nyavu

Remba ni jabali dogo katika Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay, na nyumba zake za mabati zimesongamana hata mpitaji hupita ubavu. Mchana kutwa jua huakisi machoni kutoka majini na mabatini, na penye samaki hapakosi moshi. Hapo ndipo baba yangu mdogo alipovua tangu ujana wake.

Macho yake yalikuwa mekundu daima, nasi tukausingizia moshi. Kumbe alikuwa na magonjwa mawili. Moja lilikuwa la juu: machozi hayakutosha kuulainisha uso wa jicho. La pili lilikuwa glakoma, nayo kwa kawaida haiumi. Maji ya ndani ya jicho hayatoki ipasavyo, presha huzidi, na mshipa upelekao habari za nuru ubongoni hufa kidogo kidogo. Nao ukisha kufa haufufuki. Akapewa dawa ya matone, asubuhi na jioni.

Miezi ilipita. Siku moja nikaiona chupa chini ya nyavu, imejaa tele. Nilimkemea kama mtoto wa darasani, jambo ninaloliona haya hata leo.

"Mwalimu," akasema, "dawa hii yaniunguza kama pilipili, nami naona. Nijiunguze kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Wakati huo alikuwa hamwoni tena mtu asimamaye kushotoni kwake.

Tukavuka kwa mashua hadi Mbita, tukashika njia ya Kisumu. Daktari hakumkemea, swali lake la kwanza lilikuwa, "Je, mzee, yawasha?" Akatueleza kuwa chupa nyingi hutiwa benzalkonia ili vijidudu visizaane humo, lakini dawa hiyo huuchubua uso wa jicho, hasa likiwa kavu. Zipo chupa zisizo nayo, ila bei yake si ya mvuvi. Basi akampa machozi ya bandia na kitambaa cha kukanda kope kwa maji moto, kisha akamshauri atibiwe kwa leza. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, wagonjwa waligawanywa, wengine matone ya timololi, wengine leza. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100 ya leza, na 31 ya matone. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Hata hivyo leza haiponyi kabisa. Presha hapana budi ipimwe tena na tena.

Baba mdogo alikubali. Wekundu umepungua, na siku ya kupimwa hunikumbusha yeye. Anapokuja kwangu jioni, mimi huketi kuliani kwake.