Tundu za Kofia

Kwa muda wa miaka 27 nimekuwa nikidarizi kofia barazani kwetu, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi hii niliirithi kwa mama yangu, naye aliirithi kwa mamake. Kitambaa cheupe huchorwa maua, kisha hutobolewa, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukingo wake ukakaza. Asiyeijua kazi hudhani kwamba uzuri wa kofia umo katika uzi. La. Tundu ndizo zinazolitoa ua, na tundu ndizo zinazopitisha upepo kichwani. Ikikosewa moja, ua zima huenda upande.

Kwa kofia hizi, Alhamdulillahi, nimewalea wanangu tangu baba yao alipotangulia mbele ya haki. Kwa kofia hizi pia binti yangu wa mwisho alilipiwa karo akasoma kemia chuo kikuu. Mwezi uliopita alinijia na barua: amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili nchini Uturuki. Furaha yangu haikudumu hata siku moja. Ami yake alikuja jioni, akaketi, akanywa kahawa yake polepole, kisha akasema, "Shemeji, msichana ameshasoma vya kutosha. Hiyo kemia ya mawe yenye tundu itamlisha nani? Na huko atakaa na nani?"

Sikumjibu. Kusema kweli, maswali yake yalikuwa yangu pia.

Usiku ule binti yangu hakubishana nami. Alichukua taa ndogo ya zambarau ambayo kaka yake huitumia dukani kukagulia noti, akaimulika noti ya yuro iliyoachwa na mgeni mmoja aliyenunua kofia. Nyuzi nyembamba ambazo macho yangu hayakuziona zikawaka ndani ya karatasi, nyingine nyekundu kama makaa.

"Mama," akasema, "wekundu huu wakemia wanauhusisha na metali iitwayo europiamu. Yenyewe peke yake hainasi mwanga vizuri. Lakini ukiizungushia molekuli zinazofaa, hizo ndizo zinazoukusanya mwanga na kuikabidhi, nayo ikang'aa." Akaniambia kuwa metali nyingine, iridiamu, ikizungukwa vivyo hivyo, hutumika katika vioo vya simu nyingi tunazozishika kila siku.

Nikamwuliza, "Na hayo mawe yenye tundu?"

Hapo akanisimulia habari za wazee watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Wa kwanza, Richard Robson, alikuwa akifundisha Melbourne, Australia. Mwaka 1974 alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake maumbo ya molekuli kwa mipira ya mbao na vijiti, ikambidi aipeleke mipira karakana ikatobolewe. Alipoanza kuiunga alitambua kwamba mahali pa tundu ndipo panapoamua umbo lote. Nilicheka peke yangu. Jambo hilo mamangu alinifunza kwa kunipiga vidole kwa kipini cha mkasi.

Wa pili, Susumu Kitagawa wa Kyoto, Japani, alijenga fuwele zenye uwazi ndani yake wakati wengi hawakuona faida ya kitu kilichojaa utupu. Maombi yake ya fedha za utafiti yalikataliwa, wala hakuacha. Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kwamba gesi zinaweza kuingia katika njia hizo na kutoka, na kiunzi kisibomoke.

Wa tatu ndiye aliyenikosesha usingizi. Omar Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Watoto walikuwa wengi, chumba kimoja, umeme hakuna, na maji yalifika kwa saa chache tu mara moja kwa wiki moja au mbili. Akiwa na umri wa miaka 10 aliona michoro ya molekuli kitabuni, ikamteka moyo. Alipofika miaka 15, baba yake alimtaka aende Marekani akasome. Mwaka 1999 yeye na wenzake walitangaza fuwele ambayo gramu zake chache, ukihesabu kuta zote za tundu zake, zina eneo kama la uwanja wa mpira. Na mwaka 2017, pamoja na wahandisi wa Massachusetts, walieleza chombo kinachotumia unga wa fuwele za namna hiyo kunasa mvuke hewani usiku, kisha joto la jua likautoa kuwa maji ya kunywa. Walieleza kuwa kilo moja ya unga huo ingeweza kutoa lita 2.8 kwa siku, hata penye hewa kavu ya jangwani.

Ndugu msomaji, sisi tuliokulia kuamka usiku wa manane kuusikiliza mfereji kama umeanza kukoroma, tunazijua vyema wiki mbili hizo. Tunamjua na hamali wa mkokoteni apandishaye bei ya dumu kila ukame unapozidi.

Binti yangu anataka kuziunganisha elimu hizi mbili: kutengeneza fuwele yenye tundu, na ndani yake metali ing'aayo. Zipo tayari ambazo mng'aro wake hufifia zinapokutana na madini fulani, kama chuma, yaliyoyeyuka majini. Hivyo maji yenyewe yatajieleza kwa taa kama ile ya dukani. "Visima vyetu, Mama," alisema. "Tunavionja kwa ulimi tu. Ulimi hujua chumvi, mengine hauyajui."

Hakuniahidi kwamba atafaulu. Hilo ndilo lililonituliza zaidi, maana anayeahidi kofia kabla ya kuona kitambaa si fundi.

Usiku kucha nilimfikiria baba yule wa Amman. Kumtoa mtoto wa miaka 15 aende ng'ambo ya bahari si jambo jepesi, na siku ile hakuna aliyemwonyesha tuzo. Mimi wangu ana miaka 23, ameshika dini yake, na anajua anachokifuata.

Baada ya sala ya Alfajiri nilimpigia simu ami yake. Nilimwambia kwa adabu, "Shemeji, nimekusikia, na hofu yako ni yangu. Lakini nimemruhusu. Naomba nasi tuwe pamoja." Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza nauli ni kiasi gani.

Nauli bado haijatimia. Ipo kofia moja nimeifikisha nusu, na nyingine mbili zimechorwa. Macho yangu si yale ya zamani, kwa hiyo hukaa mlangoni palipo na mwanga zaidi. Binti yangu hunitungia uzi sindanoni kabla ya kwenda zake. Nawaombeni dua, yeye kwa safari yake, na mimi kwa siku zitakazokuja, nitakapolazimika kuutunga uzi mwenyewe.