Kunguni wa Kitanda cha Mwenzio: Tabaka katika Albamu ya Pulp

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Albamu ya Different Class, iliyotolewa na bendi ya Pulp nchini Uingereza mnamo Oktoba 1995, yaiongezea methali hiyo kauli nzito: hata ukikilalia, maadamu una kitanda kingine kwenu, kunguni hao hutawajua.

Bendi hiyo iliasisiwa na Jarvis Cocker mwaka 1978 katika jiji la Sheffield, kitovu cha viwanda vya chuma ambavyo vingi vilifungwa katika miaka ya 1980 na kuwaacha maelfu bila kazi. Albamu hii ilikuwa ya tano, baada ya miaka 17 ya kusubiri. Aliyeimba juu ya unyonge hakuwa akibahatisha.

Wimbo maarufu zaidi, Common People, wasimulia juu ya binti wa tajiri kutoka Ugiriki, anayesomea uchongaji mjini London na kutamani kuishi kama makabwela. Nafsineni ampeleka dukani na kumtaka ajifanye hana pesa, binti acheka. Kicheko hicho ndicho kiini cha wimbo. Kwake yeye umaskini ni vazi la kujaribia, kwani simu moja tu kwa babake ingeukomesha. Fani nayo yabeba maudhui: wimbo waanza kwa kinanda cha upole, kisha mwendo wazidi kushika kasi hadi sauti ya mwimbaji yawa ghadhabu tupu. Kinaya ni kwamba wengi waliucheza kwa furaha bila kuisikia ghadhabu hiyo.

Jina la albamu lina utata wa makusudi. Lamaanisha tabaka tofauti. Katika Kiingereza cha mtaani, lamaanisha pia ubora usio na kifani. Mnyonge ajitwalia sifa kwa neno lile lile linalomtenga. Ilipotunukiwa Tuzo ya Mercury mwaka 1996, bendi ilitoa fedha za tuzo kwa War Child, shirika linalosaidia watoto walioathiriwa na vita.

Thamani ya albamu hii ni kuwa haimwachi msikilizaji salama. Mhakiki aliyezoea kuuorodhesha umaskini miongoni mwa dhamira hana budi kujiuliza: je, yeye ni mwenye kitanda, au ni mgeni wa usiku mmoja?