Umeme wa Wenyewe Kando ya Mto Pedernales

Ukitoka Austin, makao makuu ya jimbo la Texas huko Marekani, ukashika njia iendayo magharibi, baada ya kilometa 80 hivi utajikuta umeiacha tambarare na kuingia katika vilima vya mawe meupe ya chokaa. Udongo wake ni haba, umelala juu ya mwamba kama shuka iliyochakaa, na juu yake imeota mialoni mifupi na mierezi. Hapo ndipo ulipo mji mdogo wa Johnson City, wenye watu wasiotimia 2,000, karibu na Mto Pedernales. Wenyeji hulitamka jina la mto huo "Perdenales", wakiivuta herufi r mbele ya mahali pake. Ukilitamka kama lilivyoandikwa watatambua papo hapo kwamba u mgeni.

Wageni wengi hufika huko kuitazama nyumba alimokulia Lyndon Johnson, Rais wa 36 wa nchi hiyo. Itazame, lakini ukishatoka inua macho uzione nguzo na nyaya za umeme zinazopanda na kushuka vilimani. Nyaya hizo zina wenyewe, na wenyewe ni watu wale wale wanaowasha taa majumbani.

Ili uelewe thamani yake, hapana budi urudi nyuma hadi miaka ya 1930. Siku zile, kati ya kila nyumba 10 za wakulima wa Marekani, 9 hazikuwa na umeme. Pasipo umeme hapakuwa na pampu, na pasipo pampu maji yalitekwa kwa ndoo. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilikadiria kwamba familia moja ya shambani ilihitaji galoni 200 kwa siku, yaani zaidi ya lita 750, na kwamba kazi ya kuyateka na kuyabeba ilikula siku 63 nzima za kazi kila mwaka. Mbebaji mkuu alikuwa mwanamke. Jumatatu alifua nje kwa sabuni aliyoipika mwenyewe, akichochea nguo katika sufuria kubwa juu ya moto wa kuni. Jumanne alipiga pasi. Nayo ile pasi usidhani ilifanana na pasi yetu ya mkaa, yenye tumbo la kutilia makaa. Ilikuwa bonge tupu la chuma, lililowekwa juu ya jiko mpaka likapata moto, likatumika dakika chache, likapoa, likarudishwa jikoni. Katika joto la Texas, ambalo mwezi wa Agosti huweza kupita nyuzi 38, mama huyo alisimama siku nzima kando ya jiko linalowaka. Jioni watoto walisoma kwa taa ya mafuta ya taa.

Kinachotia uchungu zaidi ni kwamba umeme haukuwa mbali. Serikali ilikuwa imejenga mabwawa katika Mto Colorado wa Texas, na mitambo ilizunguka karibu na vilima hivyo. Lakini makampuni ya umeme yalijibu kwamba kuvuta nyaya hadi kwa wakulima waliotawanyika hakulipi. Kwa daftari la mfanyabiashara jibu hilo lilikuwa sahihi. Kwa mama mwenye ndoo lilikuwa hukumu.

Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya kupeleka umeme vijijini, na sheria ya mwaka uliofuata ikaipa uwezo wa kutoa mikopo ya riba ndogo. Wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, wakakopa, wakajenga nyaya zao wenyewe. Hata hivyo idara hiyo nayo ilikuwa na kanuni yake: sharti wapatikane wateja watatu katika kila maili. Vilima vya Pedernales havikufikia hesabu hiyo. Johnson, wakati huo mbunge kijana aliyechaguliwa mwaka 1937, alikwenda kumwomba Roosevelt mwenyewe, na kanuni ikalegezwa. Ushirika wa Umeme wa Pedernales ulianzishwa mwaka 1938 kwa mpango wa maili 1,830 za nyaya kwa familia 2,892, ambazo hata familia mbili kwa maili hazikutimia. Kiingilio kilikuwa dola 5, na kwa watu wa vilima vile fedha hiyo haikuwa ndogo. Taa za kwanza ziliwaka mwaka 1939.

Nasi hatukuwa wageni kabisa wa jambo hili. Huko Urambo, mkoani Tabora, wananchi waliunda ushirika wao wa watumiaji wa umeme, ukaanza kutoa huduma mwaka 1994 kwa jenereta za dizeli. Walianza wateja 67, na kufikia mwaka 2002 walikuwa 241, ingawa bei yao ilikuwa juu sana kuliko ile ya shirika la taifa.

Turudi Texas. Ndani ya nyumba, umeme uliwapa wakulima jambo jipya la kujifunza, nalo ni hesabu ya uniti, hesabu ile ile uifanyayo wewe unapoikodolea macho mita yako ya LUKU. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa moja imekula uniti moja. Uniti hiyo hiyo huwasha globu ya zamani ya wati 60 kwa saa 16 na dakika 40, na taa ya kisasa ya wati 9 kwa saa zaidi ya 110. Kiyoyozi cha wati 1,500, kikiunguruma saa 8 mfululizo usiku, humeza uniti 12. Joto lile la Texas halikuondoka, na sasa ndilo linalopandisha ankara za kiangazi.

Ushirika una namna yake ya kuzungumza na watu wake. Tangu mwaka 1944 vyama vya umeme vya Texas vina jarida lao, ambamo utakuta mapishi, ushauri wa kupunguza matumizi, na kurasa za habari za wanachama: nani anagombea, mkutano mkuu ni lini, ziada ya fedha itarudishwaje. Ndiyo, ziada hurudi. Fedha inayobaki baada ya gharama huandikwa kwa jina la mwanachama kulingana na umeme alioununua, na baadaye hurejeshewa mwenyewe.

Kurasa kama hizo huonekana za kuchosha, na walio wengi huzipita upesi wakaenda kwenye mapishi. Pedernales walilipia uzembe huo. Kwa miaka mingi wagombea wa halmashauri waliteuliwa na kamati ya ndani, na ulinzi ukalala. Mwaka 2007 baadhi ya wanachama walikwenda mahakamani wakilalamikia malipo manono ya viongozi, safari na hoteli za gharama. Kesi ilimalizwa mwaka 2008 kwa mapatano: dola milioni 23 zirudishwe kwa wanachama, uchaguzi uwe wa ushindani, mikutano iwe wazi. Mwaka 2010 aliyekuwa meneja mkuu alitiwa hatiani kwa kutumia vibaya fedha za ushirika.

Leo Ushirika wa Pedernales una mita zaidi ya laki 4, na ndio mkubwa kuliko vyote katika Marekani, penye vyama karibu 900 vya aina hiyo. Wakati wa uchaguzi mwanachama huletewa karatasi ya kura mpaka nyumbani, na akitaka hupiga kura kwa intaneti bila kuinuka kitini. Karatasi zinazorudi zikiwa zimejazwa ni chache.