Paa la Mama Yetu na Kipimo Tulichokipuuza

Tuliingia nyumbani kwa mama yetu, Ngamiani, Tanga, usiku mmoja wa masika, bila kumpa taarifa. Tulimkuta amekaa juu ya mswala wake katika pembe ya chumba, pahali pekee palipokuwa pakavu. Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi mlangoni, na sakafuni palikuwa na ndoo mbili, sufuria na beseni, kila chombo kikipokea matone yake. Tulipomwuliza hali hiyo imeanza lini, alijibu kwa upole: “Tangu masika ya mwaka jana, wanangu. Sikutaka mdhani sishukuru.”

Paa lile tulilijenga sisi. Tu watoto wanne wa tumbo moja, na riziki imetutawanya: wengine Dar es Salaam, mmoja Arusha, mmoja Muscat. Baba alipofariki, mabati yake ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu. Tukachangishana, tukatafuta fundi, nyumba ikaezekwa upya, nasi tukarudi makwetu tukiamini kuwa tumetimiza wajibu wetu.

Usiku ule ule tulimpigia simu fundi. Tulimwambia maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa; yatosha kusema kwamba tulimwita mla amana. Mzee yule hakujibizana nasi. Alisema tu: “Nitakuja asubuhi, inshallah. Nitakuja na pima maji.”

Alifika jua likichomoza, akamtaka mdogo wetu wa mwisho apande naye darini. Pima maji yake ilikuwa na urefu wa sentimita 60. Aligusisha ncha yake moja na upande wa chini wa ubao wa kenchi, akaielekeza ncha ya pili upande wa kilele cha paa, akaishika hadi povu la maji likatulia katikati. Kisha akamwambia mdogo wetu apime, kutoka ncha ile ya pili, wima kwenda juu mpaka unapofika ubao. Futi ilisoma sentimita 7 na nusu.

“Gawanya,” akasema mzee. Sabini na tano mara nane ni mia sita. Kwa hiyo 7.5 kwa 60 ni moja kwa nane. Maana yake ni kwamba kila unapokwenda hatua nane kwa usawa, paa linapanda hatua moja tu. Huo ndio mteremko wa paa, wala hauna siri nyingine: ni kupanda ukilinganisha na kwenda. Nyumba ya mama ina upana wa mita 8 na paa lina migongo miwili, basi kwenda kwake ni nusu ya upana, yaani mita 4. Kupanda kwake kulikuwa nusu mita.

Hapo mzee akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ulikuwa mchoro wake wa kwanza, na katikati ya paa aliandika sentimita 200, yaani moja kwa mbili. Tarakimu ile ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya buluu na juu yake imeandikwa 50. Mwandiko ulikuwa wetu.

Tulikumbuka sote kwa mara moja. Tulitaka paa la chini kama la nyumba mpya tulizoziona mjini, na tulitaka kupunguza gharama. Mzee alipotuonya, tulinong’onezana kwamba fundi siku zote hujitafutia kazi kubwa.

Binti wa dada yetu, aliye kidato cha tatu, alichukua karatasi ile akaipigia hesabu ya pembetatu aliyofundishwa shuleni. Kwa kupanda mita 2, urefu wa mgongo mmoja ni kama mita 4.47. Kwa kupanda nusu mita, ni kama mita 4.03. Akiba yote ya mabati tuliyoipigania ilikuwa takriban sehemu moja katika kumi. Tena akatusahihisha jambo jingine: tulidhani moja kwa mbili ni nusu ya digrii 45, kwa kuwa moja kwa moja ni 45. Sivyo, ni karibu digrii 27. Na paa letu lilikuwa na digrii 7 tu.

Mzee alitueleza kilichotokea. Bati moja halikufika kutoka kileleni hadi ukingoni, basi yaliungwa mawili, moja likilalia jingine. Paa likiwa na mteremko wa kutosha, maji hupita juu ya maungio kwa kasi. Likilala, maji huenda polepole, na upepo wa masika huyasukuma kurudi juu, yakapenya chini ya maungio na kwenye matundu ya misumari. Akasema kwamba mteremko hauwi mbaya kwa nafsi yake. Ubaya ni kutolingana na kinachoezekwa. Makuti yanataka mwinuko mkali, karibu digrii 45, ili maji yakimbie kabla hayajaloweka. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilikuwa na mapaa bapa, lakini yale yalikuwa ya boriti, mawe na chokaa nzito, si bati jembamba.

Kumwomba radhi kulikuwa kuzito kuliko kulipandisha paa. Kaka yetu mkubwa alisema kwa niaba yetu, na sauti ikamkatika. Mzee akainamisha kichwa. “Nami nina langu,” akasema. “Nilijua litavuja. Nikaogopa mkinikosa nitakosa kazi, nikanyamaza. Tusameheane, wanangu.”

Paa liliinuliwa upya mvua zilipokwisha, kwa mchoro ule wa kwanza. Tulinunua mbao nyingine na mabati ya ziada, tukalipa kuliko ile akiba mara kadhaa. Safari hii kila mmoja wetu aliyekuwapo alipanda darini akapima mwenyewe: sentimita 30 kwa 60, upande wa kushoto na wa kulia.

Ndugu wasomaji, mnaowajengea wazazi wenu mkiwa mbali, ulizeni maswali mawili kabla bati la kwanza halijapigiliwa: paa linapanda kiasi gani, na linakwenda kiasi gani? Hayahitaji elimu ya uhandisi. Na likivuja, pimeni kwanza kabla ya kumtuhumu mtu. Sisi tulianza kwa tuhuma, na kipimo kikatushuhudia.

Masika yaliyofuata tulimpigia mama simu mvua ikinyesha. Alikawia kupokea. Alikuwa amelala.